Uzi wa chai ambao si chai: Shizuoka, Japani, kwa wapenzi wa majani

#1 Jani Bichi

Wakuu, salaam.

Najua humu ndani mtu akitaja chai, wa kwanza kuchangia anauliza ni ya rangi au ya maziwa, na wa pili anasema uzi wenyewe ndiyo chai, yaani uongo. Leo naongelea ile ya kwenye kikombe. Kuna watu kama watano wamenifuata inboksi, wanakwenda Japani kwa kozi au masomo, na wote wana swali moja: niende wapi nikaione chai yao? Badala ya kumjibu kila mmoja, nashusha hapa.

Mimi ni mtoto wa Mufindi. Mama amechuma chai zaidi ya nusu ya maisha yake, na likizo za shule nilikuwa namfuata shambani na kikapu changu kidogo. Nimekaa mkoa wa Shizuoka miaka miwili kasoro kwa masomo, na wikendi zangu nyingi ziliishia kwenye mashamba ya watu.

Wengi watakwambia nenda Uji, kule Kyoto. Uji ni jina kubwa, sikatai, na matcha yake, ile chai ya kijani ya unga, ina historia ya karne nyingi. Ila ukifika unapokelewa na maduka, foleni na aiskrimu ya kijani, mashamba yenyewe mpaka uyatafute. Shizuoka chai inakutafuta wewe. Iko kati ya nyumba na nyumba, nyuma ya kituo cha mafuta, pembeni ya makaburi. Sehemu ya kiganja tu ikibaki wazi, mtu kapanda mistari miwili.

Kabla ya yote, treni. Shinkansen ya Tokyo kwenda Osaka ina aina tatu. Nozomi haisimami hata kituo kimoja cha mkoa wa Shizuoka, na mkoa una vituo sita. Unatakiwa Hikari, tena baadhi tu ndizo husimama Shizuoka mjini, saa moja hivi kutoka Tokyo, au Kodama inayosimama kila kituo. Mimi safari ya kwanza nilijitia mjuaji, nikaingia Nozomi, nikayaangalia mashamba ya chai yakipita dirishani mpaka Nagoya. Kosa langu mwenyewe, tiketi sikuisoma.

Ukitoka Tokyo kaa upande wa kulia, viti vya wawili wawili. Kwanza utauona mlima Fuji kama mawingu yameamua kukuheshimu. Baadaye, ukikaribia Kakegawa, angalia kilima kimoja chenye alama kubwa ubavuni: herufi ya "chai" iliyopandwa kwa miti. Kilima kinaitwa Awagatake, mita 532. Herufi yenyewe ina urefu wa kama mita 130, na wanaipunguza matawi isipoteze umbo. Jamaa wameandika CHAI mlimani. Hapo nilijua nimefika kwetu.

Naendelea, msichangie kwanza.

#2 Strungi254

Nimeweka kiti hapa mbele kabisa. Mimi ni wa Kericho, hii ni stori ya nyumbani.

#3 Jani Bichi

Nimesema msichangie, Mkenya huyo keshaingia 😂 Karibu ndugu.

Kama una siku moja tu, usihangaike, nenda Shimada na Kanaya. Ni stesheni mbili zinazofuatana kwenye reli ya kawaida, kama nusu saa magharibi ya Shizuoka mjini. Katikati yao unapita mto Oi.

Huo mto ndio stori nzima. Zamani za watawala wa Tokugawa ulikuwa hauruhusiwi daraja. Msafiri wa barabara kuu ya Tokaido akifika ukingoni anabebwa mabegani na wapagazi wa mto, au kwenye machela kama ana fedha. Maji yakijaa, mnalala Shimada mpaka yapungue. Nyumba za wapagazi zipo mpaka leo, unaingia na kuzunguka. Utawala ukaanguka mwaka 1868. Askari waliokuwa walinzi wa shogun, yule mtawala wa kijeshi, wakabaki hawana kazi, na mwaka 1869 kundi lao likapanda kwenye uwanda wa Makinohara, ng'ambo ya mto, nyika kavu isiyo na maji, wakaanza kulima chai. Mwaka uliofuata wapagazi nao wakapoteza kazi yao, maana kuvuka kwa mabega kulifutwa, na baadhi yao wakapanda huko huko kulima. Kwa hiyo lile zulia la kijani unaloliona kwenye picha lilianzishwa na watu waliokosa ajira. Upanga na jembe ni vitu viwili tofauti, wengi walishindwa wakaondoka.

Sasa shuka Shimada, tembea kama dakika ishirini kuelekea kusini, utafika Horaibashi. Hili ni daraja la mbao la waenda kwa miguu, lilijengwa mwaka 1879 ili wakulima wavuke kwenda mashambani. Lina urefu wa mita 897.4, upana mita 2.4. Unalipa yeni 100 kwenye kibanda, unaanza kutembea.

#4 Mzee wa Kaunta

Daraja la mbao karibu kilomita nzima? Mkuu, hapo sasa umeanza kutupikia chai kweli.

#5 Jani Bichi

Haha nilikusubiri. Mzee wangu, Guinness walilitambua mwaka 1997 kama daraja refu zaidi la mbao la kutembea kwa miguu duniani. Nguzo za chini ni za zege tangu mwaka 1965, maana mafuriko yalikuwa yanazichukua za mti, lakini unapokanyaga ni mbao tupu. Kingo zake ni fupi, hazikufiki kiunoni. Upepo wa mtoni ukikupiga katikati unajikuta unatembea kama mlevi anayejifanya mzima. Mbao zinalia chini ya viatu, na kupitia nyufa unaona kokoto nyeupe na vijito vya maji mbali huko chini.

Na hiyo namba 897.4 wenyewe wanaipenda. Nane ni "ya", tisa ni "ku", saba ni "na", nne ni "shi". Yakunashi, yaani hakuna mikosi. Wazee wanavuka kwenda na kurudi kwa ajili ya hiyo tu.

Ukimaliza rudi stesheni, panda treni mpaka Kanaya. Hapo kuna njia ya zamani ya Tokaido iliyotandazwa mawe ya mviringo, mita 430 hivi za mteremko unaopanda kuelekea uwandani. Mvua ikinyesha usithubutu na raba za mjini. Juu kuna makumbusho ya chai ya mkoa, kiingilio yeni 300. Siku za Jumanne hufungwa. Kwa maoni yangu pitia haraka chumba cha chai za dunia, kaa kwenye jiwe la kusagia. Unapewa majani makavu, unazungusha jiwe kwa mkono pole pole, na matcha inatoka pembeni kama vumbi la poda. Nilizungusha mpaka bega likaniuma, nikapata kijiko kimoja. Tangu siku hiyo sijawahi kulalamika bei ya matcha.

#6 Shangazi wa Tanga

Wanangu, mimi magoti yangu hayataki milima wala daraja la kilomita. Binti yangu yuko Nagoya, ananiita nikamtembelee. Nataka kukaa, niletewe chai nzuri, nitazame mandhari. Kupo?

#7 Jani Bichi

Shikamoo shangazi. Kupo, tena ndiko ninakokupenda zaidi. Mwambie binti akupeleke Okabe, upande wa Fujieda, kwa gari maana basi ni za kubahatisha. Kuna bustani inaitwa Gyokuro no Sato, na ndani yake nyumba ya chai iliyoegemea bwawa. Okabe ni moja ya sehemu tatu zinazosifika zaidi Japani kwa gyokuro, pamoja na Uji na Yame.

Gyokuro ni chai inayonyimwa jua. Kama wiki tatu kabla ya kuvunwa shamba linafunikwa, jani linahangaika gizani, ule uchungu hauongezeki na utamu unabaki ndani. Inatengenezwa kwa maji ya uvuguvugu tu, nyuzi 50 au 60, na kikombe ni kidogo kuliko cha kahawa yetu ya Pwani. Ukinywa unahisi supu, si chai. Watu wengi kutoka kwetu kikombe cha kwanza wanatazamana. Cha pili wananyamaza.

Unaletewa na kitamutamu cha kunde zilizosagwa. Kula kwanza, ndipo unywe. Wewe wa Tanga hilo halikupi shida, ni kashata na kahawa chungu ile ile.

#8 Shangazi wa Tanga

Marahaba mwanangu. Hapo umeninyoosha. Nimeshamtumia binti.

#9 Strungi254

Swali la muhimu: maziwa iko? Mimi bila chai ya maziwa asubuhi sijaamka. Na pia, wao huchuma aje? Kwetu ni majani mawili na chipukizi, kila wiki ama wiki mbili, mwaka mzima.

#10 Jani Bichi

Maziwa yapo kwenye mashine za barabarani, chupa za chai ya maziwa, utamu wa kukata meno. Kitufe chenye alama nyekundu ni cha moto, cha buluu ni cha baridi. Ila usimwombe mkulima akutilie maziwa kwenye sencha yake, ile chai ya kijani ya kawaida. Hatakukatalia, na hilo ndilo baya zaidi.

Kuchuma ndugu yangu, hapo tunatofautiana kabisa. Wao wana baridi, mti unalala miezi yote ya kipupwe, ukiweka akiba mizizini. Mwisho wa Aprili mpaka Mei mwanzoni akiba yote inapanda kwenye machipukizi ya kwanza. Hiyo ndiyo shincha, na mwaka mzima wa mkulima unasimama hapo. Wanahesabu usiku wa 88 tangu siku ya kuanza kwa majira ya chipukizi kwenye kalenda yao ya kale, inaangukia tarehe 2 Mei au karibu yake, na chai ya siku hiyo inaaminiwa kuleta afya. Baadaye kuna mavuno ya pili, mahali pengine ya tatu, lakini bei inashuka kila mara. Uwandani wanavuna kwa mashine za kupanda kama trekta, ndiyo maana migongo ya michai imekatwa mviringo kama mikate. Milimani ni watu wawili, mmoja kila upande wa mstari, wameshika mashine ya kukata yenye mfuko mrefu nyuma. Kuchuma kwa mkono kumebaki kwa chai za mashindano na kwa watalii.

Utaona pia nguzo zenye feni ndogo juu, maelfu, utadhani mtu alitaka kuufanya mkoa uruke. Ni za sakitu. Usiku wa baridi hewa yenye joto inakaa juu kidogo, feni inaisukuma chini ili baridi isiunguze machipukizi.

Angalizo: wiki hiyo ya shincha ndiyo wiki ya sikukuu zao mfululizo, tangu tarehe 29 Aprili mpaka 5 Mei. Hoteli zinajaa. Ama weka nafasi miezi kabla, ama nenda katikati ya Mei, bado utakuta viwanda vinanguruma na mji mzima unanukia kama nyasi zilizochemshwa.

#11 Mzee wa Kaunta

Basi nimekubali, si chai. Sasa niambie, mimi ni mtu wa mkandaa. Nakunywa nyeusi, kali, ya moto. Huko kijani kijani kote nitafanya nini?

#12 Jani Bichi

Mzee wangu, wewe nenda Mariko. Ni kitongoji cha Shizuoka mjini, basi kutoka stesheni kuu, chini ya nusu saa hivi. Pale aliishi Tada Motokichi, mmoja wa wale watumishi wa shogun waliogeuka wakulima. Serikali mpya ikamtuma China, halafu mwaka 1876 India, Assam na Darjeeling, akajifunze chai nyeusi. Alirudi na mbegu za Assam akazipanda. Chai nyeusi ya Japani ikasukumwa baadaye na ile ya bei rahisi kutoka nje, ikakaribia kufa, lakini Mariko wapo wanaoitengeneza tena. Ni laini kuliko mkandaa wako, ina harufu ya matunda yaliyoiva. Usiweke sukari kikombe cha kwanza, nakuomba.

Hapo hapo Mariko kuna mgahawa wa Chojiya, upo tangu mwaka 1596. Wanauza kitu kimoja: kiazi kikuu cha porini kilichotwangwa kikawa uji unaovutika, unamwagiwa juu ya wali wenye shayiri. Mtu aliyekulia mlenda atamaliza bakuli tatu.

#13 Muscat Bint Unguja

Assalaam alaykum. Vipi upande wa halali? Tunataka kwenda na watoto mwakani.

#14 Jani Bichi

Waalaykum salaam dada. Chai haina tatizo, chakula ndicho cha kuangalia. Ule mchuzi mweusi wa mishikaki ya oden, fahari ya Shizuoka, kwa kawaida huchemshwa na mishipa ya ng'ombe, kwa hiyo uache kama hujui nyama imetoka wapi. Salama yako ni baharini: dagaa wachanga weupe juu ya wali, na uduvi wa rangi ya waridi wa ghuba ya Suruga. Uliza mirin, ni kiungo cha kupikia chenye kileo, kimejificha kwenye michuzi mingi. Jioni pia baani ukiona kinywaji cha kijani kwenye glasi ndefu usidhani ni chai ya barafu ya watoto. Wenyeji wanachanganya pombe ya shochu na chai.

Watoto wapeleke Nanaya, Shizuoka mjini au Fujieda. Wana aiskrimu ya matcha ya ngazi saba, namba moja mpaka namba saba. Namba saba ni kama kulamba shamba.

#15 Kilimo Kwanza

Mimi nipo kwenye kilimo. Nilisoma kwamba Kagoshima wamewapita Shizuoka. Kuna kitu cha kujifunza huko bado au tunakwenda kuangalia mabaki?

#16 Jani Bichi

Swali zuri, na linauma kidogo. Ni kweli, mwaka 2024 Kagoshima walitoa tani 27,000 za chai ghafi, Shizuoka 25,800. Ilikuwa mara ya kwanza Shizuoka kupoteza namba moja tangu takwimu hizo zianze mwaka 1959. Kagoshima wana ardhi tambarare na mashine kubwa. Shizuoka ina milima na wazee. Ukipanda juu kuelekea Kawane utaona mistari ya chai iliyoachwa, imerefuka imekuwa miti, inachanua maua meupe kama haijawahi kukatwa.

Lakini kama ni kilimo, usikose Higashiyama, chini ya kile kilima cha herufi. Kuna mfumo unaitwa chagusaba. Kila shamba lina kipande cha nyasi ndefu pembeni, hakilimwi wala kulishiwa mifugo. Vuli inapoisha wanakata hizo nyasi, wanazifunga matita, zikikauka wanazikata vipande na kuzitandaza kati ya mistari ya chai. Ni matandazo, bibi zetu wanayajua. Tofauti ni kwamba kwa kuwa nyasi zinakatwa kila mwaka bila kukoma, maua na wadudu waliopotea kwingine wamebaki humo. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, waliutambua mwaka 2013 kama urithi wa kilimo wa dunia. Ingiza mkono chini ya matandazo, udongo mweusi, unaporomoka kama keki. Nilipiga picha nikamtumia bwana shamba wetu wa zamani, akajibu neno moja tu: "Aisee."

Na ukiwa mjini panda mpaka karibu na jumba la sanaa la mkoa ukaone mti mama wa Yabukita, aina ya mchai. Sugiyama Hikosaburo aliuteua mwaka 1908 baada ya kufyeka kichaka cha mianzi akapanda michai. Ulikuwa upande wa kaskazini wa kichaka, ndilo jina lenyewe, kichaka-kaskazini. Alikufa mwaka 1941, aina yake ikasajiliwa rasmi mwaka 1953, na kwa miongo mingi ikashika zaidi ya theluthi mbili ya mashamba ya chai ya Japani. Mti wenyewe umezungushiwa uzio, hauna makuu.

#17 Strungi254

Na ile sencha yenyewe, naitengeneza aje nikirudi nyumbani? Mimi ninajua kuchemsha tu.

#18 Jani Bichi

Nikwambie nilivyofundishwa. Ilikuwa milimani, Kawane, mvua imenikuta barabarani, mzee mmoja akaniita kwenye kibaraza cha kiwanda chake. Kijapani changu cha kuombea maji. Akaweka buli dogo lenye mpini wa pembeni, kama sufuria ya mtoto. Maji yanachemka lakini hakuyamwaga kwenye majani. Alimimina kikombe cha kwanza, akahamishia cha pili, akarudisha cha kwanza. Kila akihamisha ananyoosha vidole: kumi, kumi, kumi. Maana yake kila mhamo unapunguza nyuzi kumi hivi. Yalipofika kama sabini ndipo akayatia buli, akaacha dakika moja bila kutikisa.

Halafu akagawa. Kidogo kwangu, kidogo kwake, anarudi kwangu, anarudi kwake, mpaka buli likabaki na matone. Hapo akalipindua kabisa, akalitikisa mara moja, tone la mwisho likaangukia kikombe changu. Akaligusa lile tone kwa macho, akanitazama mimi, kwamba hilo ndilo lenyewe.

Tulikunywa mikupuo mitatu, kila mmoja maji ya moto zaidi ya uliotangulia. Mwisho akafungua buli, akatoa majani yaliyolowa, akayaweka kwenye kisahani na matone ya mchuzi wa soya, akanipa vijiti. Tukayala. Yana ladha kati ya mchicha na matembele machanga.

Kwa hiyo ndugu: usichemshe. Ukinunua fukamushi, ile ya uwanda wa Makinohara inayopikwa kwa mvuke muda mrefu zaidi, ujue inavunjika kuwa unga unga, hivyo buli liwe na chujio laini la waya. Pakiti ikifunguliwa imalize ndani ya mwezi. Iliyofungwa weka friza, ila ikitoka iache ipate joto la chumba kabla ya kuifungua, isije ikanyonya unyevu.

#19 Mzee wa Kaunta

Mama yako wa Mufindi alisemaje ulipompelekea?

#20 Jani Bichi

Nilikuwa naomba mtu asiulize. Nilimpelekea gramu mia za shincha, Kawane, imefungwa vizuri. Nikampigia simu kumwelekeza maji ya sabini, dakika moja. Akasema sawa mwanangu. Mdogo wangu akaniambia baadaye: alitia yote kwenye sufuria, akachemsha na tangawizi na sukari, akaonja, akamwaga.

Majani ndiyo hakumwaga. Aliyakaanga na kitunguu na nyanya, wakayalia ugali. Ameniagiza nilete tena ile mboga.